Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Nawasalimu, na nawashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano mkuu wa chama chetu cha wanakemia. Habari za uanachama zimo katika taarifa ya katibu, na hesabu zitasomwa na mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa mada tuliyoichagua kuwa mada ya mwaka: kuongeza hidrojeni kwenye kampaundi za aromatiki (zenye pete imara ya kaboni kama ya benzeni) kwa uteuzi, yaani kupata zao tunalolitaka bila mengine, kwa kutumia vichocheo vya chembe nano za metali, zenye ukubwa wa nanomita chache, zilizoshikizwa juu ya kibebeo, yaani kitu kingine kinachozishikilia.

Baadhi yenu mliuliza mapema kwa nini tuhangaike na kazi ambayo mwanakemia Mfaransa Paul Sabatier aliifanya Toulouse zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni kweli kwamba yeye na mwenzake Senderens walipitisha mvuke wa benzeni pamoja na hidrojeni juu ya nikeli wakapata sikloheksani, na kwamba mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini hapo benzeni ilikwenda hadi mwisho wa safari. Ugumu uliobaki ni kuisimamisha katikati, kwenye siklohekseni, kabla haijawa sikloheksani.

Benzeni, pete ya kaboni sita, ni imara. Hatua yake ya kwanza ya kupokea hidrojeni haitoi joto, bali inadai joto. Ikishavukwa hiyo, zinazofuata ni mteremko: siklohekseni ikigeuka sikloheksani hutoa takriban kilojuli 120 kwa kila moli. Kwa hiyo kichocheo chenye nguvu ya kuivunja ile pete ngumu kina nguvu zaidi ya kutosha ya kuimaliza siklohekseni papo hapo. Anayeitaka siklohekseni, na viwanda vya nailoni vinaitaka, ana kazi ya kuiokoa kutoka kwa kichocheo kilekile kilichoizaa.

Kampuni ya Asahi ya Japani ilifanikiwa, ikaanza uzalishaji wa kibiashara Mizushima mwaka 1990. Mfano huu tuliurudia mara nyingi katika vikao vyetu kwa sababu werevu wake hauko kwenye metali peke yake. Chembe nano za rutheniamu, zikiwa pamoja na zirkoni dioksidi, huwekwa ndani ya maji yenye zinki salfeti, na benzeni huelea juu kama tabaka la mafuta. Kila chembe ya kichocheo huwa imezungukwa na maji. Benzeni huyeyuka kidogo katika maji, kwa hiyo inaweza kuyapenya na kuifikia metali. Siklohekseni huyeyuka kwa uchache zaidi, mara kadhaa chini ya benzeni, hivyo ikishazaliwa hutoka na kurudi kwenye mafuta, kama abiria anayeshuka kituo chake kabla gari halijaondoka. Zinki nayo hukaa juu ya metali na kuzuia siklohekseni isiing'ang'anie. Ukiondoa maji na zinki, rutheniamu ileile itakupa sikloheksani karibu tupu.

Fenoli, yaani pete ya benzeni yenye kundi la -OH, ina kisa kinachofanana. Tunataka isimame kwenye sikloheksanoni, isiendelee hadi sikloheksanoli. Mwaka 2009 kundi la Buxing Han mjini Beijing lilionyesha kwamba paladiamu juu ya kaboni, ikisaidiwa na asidi ya Lewis (kampaundi inayopokea jozi ya elektroni) kama alumini kloridi, hufanya hivyo kwa uteuzi unaozidi asilimia 99.9. Asidi hiyo huiamsha fenoli, na wakati huohuo huizuia sikloheksanoni isipokee hidrojeni zaidi. Huko Valencia, Hispania, wanakemia Corma na Serna walikwisha kuonyesha mwaka 2006 kwamba dhahabu juu ya titani dioksidi hugeuza kundi la nitro (naitrojeni yenye oksijeni mbili) kuwa amini (naitrojeni yenye hidrojeni) na kukiacha kifungo maradufu cha kaboni kilichomo katika molekuli hiyohiyo. Dhahabu, metali ambayo wengi wetu tulifundishwa kwamba haifanyi chochote! Inapokuwa chembe ya nanomita chache, na hasa pale inapokutana na kibebeo, mambo hubadilika.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika mawasilisho ya mwaka huu nimeona jedwali baada ya jedwali lenye “asilimia 100” kwenye safu ya kiasi kilichobadilika, na mwandishi akaishia hapo. Ndugu zangu, kwa mada hii tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Uteuzi hushuka kadiri mmenyuko unavyoendelea, kwa sababu kitu cha kati kikishakuwa kingi nacho huanza kuliwa. Tuseme kichocheo cha kwanza kina uteuzi wa asilimia 95 benzeni ikiwa imebadilika kwa asilimia 10, na cha pili kina asilimia 70 ikiwa imebadilika kwa asilimia 50. Cha kwanza kimetoa siklohekseni asilimia 9.5 tu, cha pili asilimia 35. Nani atasema cha kwanza ni bora? Kamati imekubali kwamba kuanzia mwaka ujao vichocheo vilinganishwe katika kiwango kilekile cha mabadiliko, na sampuli zichukuliwe mara kadhaa njiani, si mwishoni tu. Pia kichocheo kichujwe kikiwa bado cha moto, kimiminika kiachwe kiendelee peke yake, tuone kama metali imevuja kutoka kwenye kibebeo.

Suala hili la kupima uteuzi linahusu pia jaribio tunalolipenda la nitrofenoli na sodiamu borohidridi. Ni jaribio zuri kwa wanafunzi: rangi ya njano inafifia mbele ya macho yao, halihitaji mtungi wa gesi, na aminofenoli inayopatikana ndiyo inayotengenezewa parasetamoli. Liendelee. Lakini kufifia kwa njano kunatuambia kasi tu. Pete haijaguswa, na uteuzi haujapimwa.

Kuhusu vibebeo, nimefurahishwa na wanachama wa Pwani wanaotengeneza mkaa amilifu kutokana na vifuu vya nazi. Mkaa wa aina hiyo ndio unaonasa dhahabu migodini, na unafaa kubeba paladiamu. Uoshwe vizuri kwa asidi kwanza, maana vifuu vina potasiamu, nayo hubadilisha tabia ya metali. Tuna nikeli ya Kabanga hapa Tanzania, Kongo ina kobalti, na rutheniamu nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini. Sioni kwa nini ujuzi wa kuzitandaza metali hizi kwa nanomita uendelee kuwa wa wengine.

Usalama sitauruka. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, upana unaotisha. Hatari inayosahaulika zaidi huja kazi ikishakwisha: ule unga mweusi wa paladiamu juu ya kaboni uliobaki kwenye karatasi ya chujio. Ukiachwa ukauke na mvuke wa methanoli ukawa karibu, hushika moto wenyewe bila kiberiti. Uloweshwe kwa maji mara moja, uwekwe kwenye chombo chake chenye lebo, na usitupwe kamwe kwenye pipa la karatasi. Maabara ambayo haina mfumo wa kutoa hewa isifungue mtungi wa hidrojeni, hata kama mwanafunzi ana tarehe ya kuwasilisha kesho.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili: fomu mpya ya kuripoti matokeo ya vichocheo, ambayo katibu amewagawia, na utaratibu wa maabara zenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima vilivyomo katika mchanganyiko, kupokea sampuli za wenzao wasio nayo kwa gharama ya gesi na ya safu (mrija wa mashine hiyo) tu. Wanaokubali kupokea sampuli wajiandikishe kwa katibu kabla ya mapumziko ya mchana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti