Magazeti ya 1953 yameanikwa kama dagaa: barua ya wazi kwa Mkuu wa Maktaba

Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na ofisini kwako hakuvuji.

Mimi ni yule mwalimu mstaafu wa kofia ya ukili. Nilikuja Machi, nikaja Mei, nikaja tena Julai, na kila mara ukaniambia, "Mwalimu, wiki ijayo." Nilichoomba ni kimoja: magazeti ya zamani ya hapa Mombasa, ya 1953 hadi 1956, niyasome papo hapo mbele ya macho yako.

Ijumaa nimeyaona. Mvua ilikesha ikinyesha. Nilivuka na feri ya Likoni, kufika kwenu nikayakuta yameanikwa barazani, kurasa zimegandana. Bawabu kafungia viazi karai ukurasa mmoja. Simlaumu, hakuna aliyemwambia ni kitu. Nilimwomba akanipa, mafuta yalishapenya hadi kwenye tarehe. Kilichosomeka ni tangazo la baiskeli.

Utauliza, mzee huyu ana nini na makaratasi? Nilikwisha kukueleza, narudia. Miaka hiyo Maurice Otunga, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, padri aliyepewa daraja Roma 1950, alikuwa akifanya kazi mjini humu katika ofisi ya mwakilishi wa Papa. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, ile ya Mau Mau, na kijana ambaye angeweza kurithi kiti cha babake alikuwa hapa Mombasa akijifunza udiplomasia wa Vatikani. Bosi wake alikuwa James Knox, Mwaustralia. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo VI akawafanya wote wawili makadinali, siku moja: Knox akiwa Melbourne, Otunga akiwa Nairobi, Mkenya wa kwanza. Ofisi moja ya Mombasa, kofia mbili nyekundu! Vijana wa parokia yetu wanajua Otunga alifariki 2003 na kwamba sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Kwamba aliwahi kukaa huku pwani, hakuna hata mmoja aliyejua. Huenda jina lake limo humo gazetini, hata kwa mstari mmoja. Au lilikuwemo, kabla ya viazi.

Labda pesa za paa ziliishia kwenye lile geti jipya la rangi ya dhahabu. Nakisia tu, mheshimiwa, unisamehe. Lakini uliniahidi mbele ya karani wako kwamba yote yatapigwa picha "karibuni". Jicho langu la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia daktari kaniambia nisilitegemee sana. Hiyo karibuni yako itanikuta nasomewa na mjukuu. Asome nini?

Sidai jengo jipya. Sidai hata picha tena. Ni bati moja tu, pale juu ya kabati la pembeni. Jumatatu navuka na langu kichwani, na misumari mfukoni. Utanifungulia mlango, au ni wiki ijayo?

Ni mimi, mwalimu wako wa Likoni.