Risala ya Klabu ya Afya na Mazingira kwa Mgeni wa Heshima: Pipa la Maji na Homa ya Mtaani

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu mkaja, wahudumu wa afya wa mitaa yetu, wanafunzi wenzetu: Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Sisi wanachama wa klabu ya afya na mazingira tunakukaribisha shuleni kwetu kwa moyo mkunjufu. Tunaijua foleni ya Kibarani, nawe umefika kabla ya saa. Tunakushukuru kwa hilo. Muda tuliopewa ni mfupi, kwa hiyo tumechagua kuzungumzia kitu kimoja ambacho karibu kila nyumba ya Mombasa inacho: pipa la maji.

Homa ya chikungunya ilipoenea Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2018, mimi ninayesoma risala hii nilikuwa mtoto mdogo. Nyanya yangu aliamka siku moja akaketi kupika, akashika nazi iliyokunwa, akataka kuikamua tui. Vidole vikakataa kufunga. Alijaribu tena, kisha akaliweka lile chujio chini akaitazama mikono yake kama si yake. Kituo kimoja cha matibabu kilimpa dawa za malaria, akazimaliza. Akarudi, akapewa nyingine. Maungo yalimuuma miezi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza maji ya nyumbani yanawekwa wapi. Pipa letu la buluu la lita 200 lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwake.

Mheshimiwa mgeni, jina la maradhi hayo ni la Kimakonde, na maana yake ni kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyopindika kwa maumivu. Yalitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Nyanda hizo zina shida kubwa ya maji, na watu wake wamezoea kuyahifadhi majumbani. Baadaye, mwaka 2004, chikungunya iliwashukia ndugu zetu wa Lamu. Watafiti walipopima damu za wakazi wa mji ule, walikuta robo tatu yao wamekwisha kuambukizwa. Kutoka Lamu yakaja Mombasa mwaka huohuo, yakavuka bahari hadi Ngazija na visiwa vyake, yakaendelea hadi kisiwa cha Réunion na India.

Tuliposoma habari hizo tulikwama mahali pamoja. Mwaka ule pwani ilikuwa na ukame. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba mbu ni wa masika, wa madimbwi na nyasi. Inakuwaje ukame ulete maradhi ya mbu?

Jibu halikuwa kwenye kitabu cha baiolojia peke yake. Mbu anayeeneza chikungunya na homa ya dengi anaitwa Aedes aegypti. Ana mistari myeupe miguuni, huuma mchana, na hapendi dimbwi la matope. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Mfereji ukikauka, mtu hujaza pipa, hujaza ndoo, hujaza mitungi, na maji hayo hukaa siku nyingi kwa sababu hakuna ajuaye mengine yatakuja lini. Ukame ndio unaomjengea mbu huyu nyumba. Anayejua mvua haoni mbu, anayejua mbu haoni bomba, na daktari anaona mgonjwa tu, tena akiwa amekwisha kujikunja.

Hapa pana jambo ambalo tunaomba Wamombasa walijue na walionee fahari. Huko Rabai, ukipita Mazeras tu, wanasayansi wamewachunguza mbu hawa kwa miaka mingi, kwa sababu pale walikuwako wa aina mbili karibu karibu: weusi wa msituni, wanaotaga katika mashimo ya miti na kupenda damu ya wanyama, na wa rangi ya kahawia, wanaoishi majumbani na kumfuata binadamu. Mwaka 2014 mtafiti Carolyn McBride na wenzake walionyesha kwamba mbu wa nyumbani wana uwezo mkubwa zaidi wa kunusa kemikali moja iliyomo kwa wingi katika harufu ya mwili wa binadamu. Mwaka 2020 ukafuata utafiti uliolinganisha mbu kutoka sehemu nyingi za Afrika. Ulionyesha kwamba wanaompenda binadamu zaidi ni wale wa mahali penye kiangazi kirefu na miji iliyosongamana. Yaani historia ya shida yetu ya maji imeandikwa ndani ya pua ya mbu. Ili kulisoma andiko hilo walihitajika mtaalamu wa wadudu, wa vinasaba, wa hali ya hewa na wa hesabu za watu. Mmoja wao peke yake asingeliona.

Basi klabu yetu ikaamua kujaribu kwa kadiri yake. Muhula uliopita tulijigawa. Wa baiolojia walibeba tochi, chujio la chai na bakuli jeupe. Wa jiografia walichora ramani ya mtaa, wapi mfereji unafika na wapi watu wanategemea mkokoteni. Wa biashara waliuliza bei ya mtungi wa lita 20 siku za maji na siku za ukavu. Wa Kiswahili hatukuwapa kifaa chochote; waliambiwa wakae na akina mama, wasikilize.

Ukimulika ndani ya pipa, viluwiluwi vya mbu hushtuka na kuzama vyote kwa pamoja, vikijipindapinda, kisha hupanda tena kimoja kimoja kuja kuvuta hewa. Juu kidogo ya usawa wa maji, ukutani mwa pipa, tuliona vijidoa vyeusi kama masizi. Hayo ndiyo mayai. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi na yakaanguliwa siku pipa likijazwa. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi, lazima ukuta usuguliwe. Kumbi la nazi linafanya kazi hiyo vizuri kuliko brashi ya duka.

Lakini waliotufumbua macho ni wale tuliowatuma mikono mitupu. Sisi tulikuwa tumeandaa mabango ya kuwaambia watu wamwage maji yaliyokaa. Mama mmoja aliyasoma mbele yetu, akasema: "Mwanangu, maji haya nimeyanunua. Nikiyamwaga, nitapikia nini?" Tuliyakunja mabango yetu tukarudi nayo shuleni. Hatukuona aibu, ila tulijua kwamba tulikuwa tumeandika ushauri wa mtu mwenye mfereji.

Tukaanza upya kwa swali lake: vipi mbu azuiwe na maji yabaki? Fundi wa mtaani alitukatia mpira wa tyubu ya baiskeli, tukaufunga juu ya kipande cha neti mdomoni mwa pipa. Mtungi humiminwa juu ya neti, maji hupita, mbu hapiti. Wiki ile maji yanapokaribia kuisha, kabla ya kujaza tena, ndipo ukuta unasuguliwa. Mzee mmoja mwenye asili ya Lamu alipoona tunahangaika alitukumbusha kwamba wazee wa kule waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi katika birika za nyumba za mawe. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Wazee wale walikuwa wahandisi na wataalamu wa wadudu na afya kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba hizo ni taaluma mbalimbali.

Hatusahau pia kwamba mji huu umelipa gharama kubwa kwa kuchelewa kuunganisha maarifa. Kule mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu zenye madini ya risasi kilifanya kazi kando ya nyumba za watu kati ya mwaka 2007 na 2014. Mtoto wa Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi pale, aliugua na kutibiwa maradhi mengine hadi damu yake ilipopimwa madini ya risasi. Ilibidi kipimo cha damu, kipimo cha udongo, sheria na sauti za akina mama vikutane. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Risasi ikishaingia katika ubongo wa mtoto, hukumu haiitoi.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tuna maombi. La kwanza ni jepesi: hadubini. Tuliyo nayo ni moja na kioo chake kimekwaruzika.

La pili ni zito zaidi, nawe una nafasi ya kulifikisha panapohusika. Tunaomba ofisi zinazoshughulikia maji na zile za afya zipeane habari. Mfereji wa mtaa ukifungwa kwa siku kadhaa, wahudumu wa afya wajulishwe siku ileile, kwa sababu kuanzia hapo mapipa yanajazwa na mbu ana siku kama kumi tu za kukamilika. Na ratiba ya maji ikiwepo, ifuatwe. Mtu anayejua maji yatakuja Alhamisi hahifadhi ya mwezi.

La tatu ni kwa watafiti wote wanaofika mitaani kwetu kuchota viluwiluwi na kutoa damu. Tunawapokea, tunawafungulia milango. Tunaomba warudi na majibu, kwa Kiswahili, wayasome barazani mbele ya waliotoa damu hiyo, na wakubali kuulizwa.

Mbele yako mezani iko chupa iliyofungwa kwa neti. Maji yaliyomo tumeyachota asubuhi ya leo katika tangi la nyuma ya bweni letu. Kabla hujasimama kutuhutubia, tunakuomba uishike, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha, uitikise kidogo.