Yah: Kufunga Shule Muhula wa Kwanza

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafunga shule Ijumaa hii. Tarehe ya kufungua mwezi Julai imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Matokeo ya mtihani yamo kwenye ripoti atakayokuletea mwanao. Hisabati darasa la nne bado haijakaa sawa.

Sasa nije kwenye furaha yetu. Kikundi cha ngoma kimekuwa cha kwanza kata, kikawa cha kwanza wilaya, na kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, ngazi ya mkoa, pale Dodoma mjini, tumeshika nafasi ya pili. Waliotupita wana ukumbi wa mazoezi. Sisi tuna mbuyu.

Waliokuwepo waliona wenyewe. Wasichana wa darasa la tano wamebana muheme, zile ngoma za Kigogo za akina mama, katikati ya magoti, wavulana nyuma yao na zeze na ilimba, ile ala ya boksi yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Wimbo umekolea, mara njuga zikamfunguka mguuni mtoto mmoja wa darasa la nne. Nilifumba macho. Yeye akainama humo humo ndani ya mdundo, akaziokota, akazitikisa kwa mkono mpaka mwisho kana kwamba ndivyo alivyofundishwa. Jaji mmoja aliweka kalamu chini akapiga makofi.

Hayo hayakuja hivi hivi. Mwalimu wa Sanaa na Michezo alianza nao kwa makofi matupu: kundi hili linapiga, lile linajibu, hadi kila mtoto akaweza kushika pigo lake bila kuvutwa na la jirani. Ndipo tukamwomba mzee wetu wa kitongoji cha juu aje na ilimba yake. Siku hizi watoto wenyewe ndio wanaosaka utando wa buibui wa kuziba tundu la boksi, ule unaoipa ilimba mvumo wake. Wapo wazazi wanaouliza kwa nini tusinunue kinanda cha umeme. Fedha hatuna, na hata tungekuwa nazo, sauti za nyimbo za Kigogo hazikai sawasawa kwenye vibonye vya kinanda. Mtoto akizilazimisha humo anazipinda. Kinanda kitakuja siku moja, kwa ajili ya kwaya.

Na mzazi aliyemtoa binti yake mazoezini akidai tunafundisha uhuni namjibu hapa, kwa sababu alisema mbele za watu. Sanaa na Michezo ni somo, limo kwenye mtaala wa 2023 na lina vipindi vyake kwenye ratiba. Mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku kwetu, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaipeleka ilimba hadi Ulaya, na alipofariki mwaka 2003 alililiwa na taifa. Huo ndio uhuni?

Chakula cha mchana. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, hilo nalijua kama mnavyolijua. Lakini debe la mahindi na maharage mlikubaliana wenyewe kwenye mkutano, mkanyoosha mikono, na muhtasari ninao. Zaidi ya nusu hamjaleta, na mavuno yameshaingia ghalani. Mtoto hawezi kuimba wala kugawanya akiwa na njaa, na mpishi hapiki mikono iliyonyooshwa.

Utoro siku ya mnada umezidi. Mwanafunzi si mchungaji wa akiba. Kuanzia Julai orodha ya watoro wa siku hiyo itakwenda kwa Mtendaji jioni ile ile.

La mwisho ndilo linaloniuma. Jumamosi moja baada ya mashindano, ngoma mbili za shule zilitolewa stoo kupitia dirishani na wavulana wawili wa darasa la sita, zikapelekwa kwenye harusi. Hawakujituma. Walitumwa na mtu mzima, mwenye mtoto hapa hapa shuleni. Na nyie mliozicheza usiku kucha mlijua ni za nani, maana jina la shule limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Jumatatu alfajiri nilizikuta mlangoni mwa ofisi zimelowa, moja ngozi imechanika ukingo hadi ukingo. Ndiyo ile iliyotuongoza mkoani. Msichana anayeipiga aliiona kabla sijaweza kuificha.

Mwaka jana kwenye uzinduzi wa zahanati mliomba, tukawapa, tena tukawapa na wapigaji. Kipi kilishindikana safari hii? Wavulana wale wameadhibiwa. Aliyewatuma bado ananisalimia njiani, "Shikamoo Mwalimu," anapita zake.

Ngozi mpya, ikiwa imewambwa na fundi, iletwe ofisini kabla ya siku ya kufungua shule. Isipoletwa, jina nitalisoma kwenye mkutano wa wazazi wa Julai, na Afisa Elimu Kata akiwepo nitalisoma akiwepo.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule
Mtendaji wa Kijiji