Msiwapunguzie wanafunzi wa uhandisi saa za maabara

Mhariri,

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme na kompyuta anaweza kufanya mazoezi yake yote kwenye programu za uigaji, yaani zinazoiga saketi kwenye kompyuta, kwa hiyo saa za maabara zipunguzwe. Vifaa ni ghali, wanasema, tena huharibika. Naipinga hoja hiyo.

Chukua kitufe cha kawaida kilichounganishwa na maikrokontrola, yaani chipu ndogo yenye kompyuta ndani yake. Mwanafunzi ameandika programu ya kuhesabu mibonyezo. Kwenye skrini, kitufe cha kuigiza kwa kawaida hakina kasoro: ukibonyeza mara moja, hesabu ni moja. Akija kwenye kitufe halisi, mbonyezo mmoja unaweza kuhesabiwa mara tatu, nne au zaidi. Ataisoma programu yake mstari kwa mstari asione kosa. Shida iko kwenye chuma: vipande viwili ndani ya kitufe vikigusana hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na kichakataji kina kasi ya kuiona miruko hiyo. Dawa zipo mbili. Unaweza kuweka rezista (kinachozuia mkondo wa umeme) na kapasita (kinachohifadhi chaji) ili volteji ibadilike taratibu, au ukaiamuru programu isubiri, tuseme milisekunde 20, ndipo isome tena. Dawa moja ni ya umeme, nyingine ya kompyuta, na mwenye shahada hii anatakiwa azimudu zote mbili. Ila hatazielewa vizuri mpaka aunganishe osiloskopu, kifaa kinachochora volteji kwenye skrini, na kuiona miruko yenyewe.

Kushika vifaa huzaa hata mawazo mapya. Mhandisi Mmarekani Claude Shannon alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1936 akiwa na shahada mbili za kwanza, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati. Akaenda chuo cha teknolojia cha MIT, akapewa kazi ya kuhudumia mashine kubwa ya kukokotoa iliyoongozwa na saketi za rilei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Aljebra ya Boole, hesabu ya kweli na si kweli, alikwisha isoma. Rilei sasa alikuwa nazo mkononi. Mwaka 1937, katika tasnifu yake ya uzamili, alionyesha kwamba aljebra hiyo inaweza kueleza saketi za swichi na hata kutumika kuzibuni. Saketi za kidijitali tulizo nazo leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Sidhani kama angelifikia upesi hivyo bila zile rilei.

Uigaji una kazi yake. Hakuna anayeweza kujaribu kwa mkono chipu yenye mamilioni ya transista, na ni busara kuijaribu saketi kwenye kompyuta kabla ya kuilehemu. Ninachokataa ni kuufanya uwe mbadala.

Kuhusu gharama, rezista, kapasita na vitufe ni vitu vya bei ndogo sana. Kifaa ghali ni osiloskopu, nayo hutumika kwa zamu. Kinachoniuma zaidi ni vikundi vya watu watano au sita, mmoja anashika waya na waliobaki wananakili majibu. Wawe wawili wawili, tangu mwaka wa kwanza. Na mtihani wa maabara uwe wa mtu mmoja mmoja: apewe saketi iliyotiwa hitilafu kwa makusudi, apewe multimita (kipimo cha volteji, mkondo na ukinzani), aitafute hitilafu hiyo na kuirekebisha mbele ya msimamizi.

Mkufunzi wa maabara ya elektroniki