Barua kwa mwanangu: kabla hatujaenda Luthuli kununua kompyuta

Umoja, Nairobi
Jumapili, 14 Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Ile karatasi uliyoiacha chini ya sahani yangu Ijumaa nimeisoma. Nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa kazini saa tisa usiku, mitambo imetulia. Umeandika bei za vitu sita vya kompyuta ya kuchezea gemu unayoitaka, ukajumlisha, ukatoa akiba yako ya mjengo, kisha chini kabisa, kuhusu mashine yetu ya gemu ya Sony, ukaandika: "PS4, kuuza." Nakujibu kwa barua kwa sababu nikiingia wewe umelala na nikitoka uko kazini, na jambo lenye hesabu ni vizuri ulisome ukiwa umetulia.

Jibu langu ni ndiyo, nunua kompyuta. Lakini si hiyo uliyoiandika, na PS4 haiuzwi.

Unakumbuka nilivyoileta PS4. Ilikuwa 2020, shule zimefungwa tangu Machi, wewe uko darasa la saba. Niliinunua mitumba kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama, na mama yako alininunia wiki nzima kwa sababu pesa hizo zilikuwa za friji. Lakini kila jioni nilipowahi kafyu niliwakuta wewe na dadako sakafuni mkigombania padi, mama yako naye amekaa nyuma yenu akishangilia timu asiyoijua jina. Friji ilingoja mwaka mzima. Sijawahi kujuta.

Halafu mwaka juzi ikaanza kuvuma kama pampu ya maji. Tukaitandikia gazeti mezani, tukaifungua. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni likashikamana kama blanketi, na kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kulikuwa na mende watatu waliokauka. Ile krimu ya kupitisha joto juu ya chipu ilikuwa imegeuka chaki. Wewe ndiye uliyeifuta kwa pamba na spiriti, polepole, ukaweka krimu mpya tone dogo kama punje ya mchele, ukarudisha skrubu zote bila kubakisha hata moja. Mkono haukutetemeka. Ukaniuliza, "Kwa hivyo baba, hii ni kompyuta tu?"

Ndiyo, ni kompyuta. Ndani yake kuna chipu ya AMD, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya viini 8 na sehemu ya michoro katika kipande kimoja, na GB 8 za kumbukumbu zilizochomelewa kwenye bodi. Sony waliitoa 2013, na uwezo waliouamua siku hiyo ndio itakaokuwa nao mpaka ife. Kompyuta unayoitaka sasa ni tofauti: kumbukumbu, yaani ramu, inatoka, diski inatoka, kadi ya michoro inayochora picha za gemu inatoka. Unaongeza kadiri unavyopata. Siku ile mezani niliona kijana anayetaka kujua kitu kinafanyaje kazi, na huyo ndiye ninayemkubalia.

Sasa karatasi yako. Jana nilipotoka zamu sikuja nyumbani moja kwa moja; nilipitia Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki mjini, nikaiona hiyo mashine. Sanduku la kioo, taa za rangi, feni nne mbele. Ni nzuri kweli. Nikamwuliza muuzaji prosesa yake ya Intel ni i7 ya kizazi cha ngapi. Akasema, "Mzee, i7 ni i7." Nikamwomba aiwashe tuone, na kwenye skrini ikasomeka i7-2600. Mwanangu, hiyo 2 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ni prosesa ya 2011 yenye viini 4. Duka la tatu kutoka hapo kuna kompyuta ya ofisi ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, nyeusi, haina hata taa moja ya urembo, ndani ina i5-8500. Hiyo ni ya 2018 na ina viini 6. Tena kizazi cha 8 kinakubaliwa na Windows 11, hicho cha 2 hakikubaliwi, na Windows 10 Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Ungelipa pesa ya kioo na taa, ukabebeshwa injini ya miaka kumi na minne.

Kilichoniudhi zaidi ni pawa saplai ya ile ya kioo. Imebandikwa wati 500. Niliomba niishike, ikawa nyepesi kama pakiti ya biskuti. Nimeshika nyaya tangu kabla hujazaliwa, na shaba haina namna ya kuwa nyepesi. Unaikumbuka televisheni yetu ya kwanza? Stima ilipotea jioni, ikarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, tukasikia mlio mmoja tu, kisha harufu. Bodi yote iliungua. Kifaa hicho chepesi ndicho kitakachosimama kati ya ukuta wetu na kila kitu ulichokibebea mchanga. Sitakubali.

Kwa hivyo nashauri uanze na ile nyeusi. Uchukue yenye sanduku refu, usichukue ile nyembamba, kwa sababu nyembamba inataka kadi fupi na zenyewe ni adimu. Pawa saplai za mashine za ofisi huwa ndogo, lakini kadi ya GTX 1650 inakula wati 75 tu, na nyingi za aina hiyo hupata umeme wote kupitia bodi bila waya wa ziada. Kuna dosari moja uijue mapema. Mashine nyingi za ofisi hutumia plagi za umeme za kiwanda chao wenyewe, kwa hivyo siku utakapotaka kadi kubwa huenda usiweze kubadilisha pawa saplai peke yake. Siku hiyo utahama na ramu, diski na kadi, uache sanduku. Mimi naona ni sawa. Bora uhame baada ya miaka mitatu kuliko kuunguza zote mwezi wa pili.

Kuna vitu utavikosa, na sijaona ukiviandika. Umezoea kuchukua CD ya gemu mjini, ukiimaliza unaibadilisha na nyingine kwa kuongeza pesa kidogo. Kwenye kompyuta hakuna hilo. Gemu ukiinunua inabaki kwenye akaunti yako, huwezi kumpa mwenzako wala kuiuza. Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujaicheza zaidi ya saa 2, basi. Na gemu kubwa za leo hupita GB 50, nyingine GB 100, kwa hivyo upakue usiku wa manane, wifi ya ploti ikiwa haina watu.

Jambo la pili ni marafiki zako wa ghorofa ya nne. Wote wana PS4. Ile gemu ya mpira, EA Sports FC, huunganisha PS4 na Xbox One, na kompyuta huunganishwa na PS5. Ukihama na mashine yako, hutawapata tena mtandaoni kwa mpira. Ni kweli utaacha kulipia PlayStation Plus, maana kwenye Steam kucheza na wengine mtandaoni hakuna ada ya mwezi, lakini nimewasikia mkicheka usiku kupitia ukuta na nisingependa kicheko hicho kikome kwa sababu ya kadi ya michoro.

Ndiyo maana nasema PS4 ibaki. Dadako ataitumia, na wewe ukitaka kuwafunga wale wa juu utakaa hapo hapo sakafuni kama zamani. Hata padi usinunue nyingine: hiyo ya PS4 inaingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB na Steam inaitambua. Pesa uliyotegemea kuipata kwa kuiuza nitaitoa mimi. Chama chetu cha kuchangiana kinanifikia mwezi huu na tayari nimezungumza na mama yako. Hakununa.

Tokeni utanunua wewe. Tuseme skrini na mashine vinakula wati 300 ukicheza. Saa 4 ni yuniti 1.2, na yuniti hizo zingewasha balbu ya jikoni ya wati 9 kwa saa 133. Sikukatazi kucheza, nataka tu uijue hesabu hiyo kabla mama yako hajakuta mita inapiga kelele asubuhi ya kuchemsha chai.

Jumamosi tarehe 20 sina zamu. Tukutane mjini mbele ya jengo la Archives saa nne asubuhi. Njoo na ile bisibisi ndogo ya nyota tuliyofungulia PS4, na tochi ya simu iwe na chaji. Kabla hujatoa shilingi, wewe ndiye utakayefungua ubavu wa mashine hiyo na kunionyesha kila kipande, mimi nitakushikia skrubu.

Ni mimi,
Baba yako