Barua kwa Salum: Palm yako na kompyuta mpya

Tanga

Salum ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika salama, na nimefurahi kusikia mama amepona mguu na anakwenda shambani mwenyewe. Mpe salamu zangu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wamefunga shule na nyumba haina utulivu.

Sasa nije kwenye lile la Palm, ile kompyuta yako ndogo ya mkononi. Huyo fundi aliyekwambia uitupe kwa kuwa hakuna kompyuta ya leo inayoielewa, usimsikilize. Palm IIIxe yako ni ya mwaka 2000, na kompyuta yako mpya ina uwezo wa kuzungumza nayo. Nimefanya hivyo na Palm III yangu ya 1998, na nyaraka zangu zote ninazo. Wewe una zaidi ya kupoteza kuliko mimi: majina yote ya sehemu za jahazi uliyoyakusanya kwa manahodha wa Pemba, kuanzia foromali hadi mkuku, pamoja na pepo na majira yake. Wengi wa wazee wale hatunao tena. Maneno hayo hayawezi kuachwa kwenye mashine moja tu.

Kabla ya waya wowote, shughulikia betri. Kila ulichoandika humo kimekaa kwenye RAM, kumbukumbu isiyodumu bila umeme, na RAM inaishi kwa umeme wa zile betri mbili za AAA. Zikiisha kabisa, kimekwenda. Nunua mpya za alkalaini, zima mashine, kisha badilisha moja baada ya nyingine bila kuzitoa zote kwa pamoja. Ndani kuna kapasita inayoshikilia kumbukumbu kwa muda mfupi sana, na waliotengeneza walisema usizidishe dakika moja. Fanya mezani, mchana, simu ikiwa mbali.

Waya sasa. Kiti cha Palm yako, kile unachoisimamishia, waya wake unaishia kwenye plagi pana ya pini tisa, ile ya siriali, na kompyuta nyingi za sasa hazina tundu lake. Tafuta adapta ya USB kwenda siriali. Uliza yenye chipu ya FTDI, hata ikiwa ghali kidogo. Zile za bei ya chini mara nyingi hubeba chipu za Prolific, na za zamani au za kuiga hukataliwa na draiva mpya za Windows, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Kwa jambo hili wewe una bahati kuliko wenye Palm za baadaye zinazotumia USB moja kwa moja, kwani draiva za USB za Palm hazikutengenezwa kwa Windows ya biti 64. Siriali ni njia ya kizamani iliyo wazi, na ndiyo maana imedumu.

Mimi nimetumia mfumo wa Linux badala ya Windows, na wewe nakushauri hivyo hivyo, kwa kuwa mpwa wako ameshakuwekea. Kuna programu iitwayo pilot-link, ya kuzungumza na Palm. Mwombe aisanikishe, hata ikibidi kuijenga kutoka kwenye msimbo wake, na akuingize kwenye kundi la dialout ili kompyuta ikuruhusu kuigusa siriali. Chomeka adapta, itajitokeza kama /dev/ttyUSB0. Kisha kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

PILOTRATE=57600 pilot-xfer -p /dev/ttyUSB0 -b palm_salum

Halafu bonyeza kitufe cha HotSync kwenye kiti, kile cha kuanzisha mawasiliano na kompyuta. Hapo ndipo ninapopapenda. Mashine hizi mbili huanza kuongea polepole, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kama watu wazima wanaosalimiana vizuri kabla ya kuingia kwenye mazungumzo, kisha hukubaliana kasi ya juu ambayo wote wanaimudu. Ile PILOTRATE ndiyo inayoruhusu kupanda, usiiache. Kwa 9600 tupu unapata kama kilobaiti moja kwa sekunde, na Palm yako ina megabaiti 8. Ikiwa imejaa utasubiri zaidi ya saa mbili, na betri zinaliwa.

Zingatia herufi ile -b. Maana yake ni kunakili kutoka Palm kwenda kompyuta, basi. Haibadilishi maandishi yako upande wa Palm. Nakuomba sana, Salum, hili lifanyike kwanza kabla ya kulandanisha, yaani kuzifanya Palm na kompyuta ziwe na data zilezile, kwa aina yoyote. Ukiwa na Palm Desktop ya Windows, programu ya Palm wenyewe, kuna chaguo la kuifanya kompyuta iandike juu ya Palm, na kompyuta mpya haina kitu, kwa hiyo itakuandikia utupu. Kulandanisha kwa kawaida ni salama zaidi: kila rekodi ina alama inayoonyesha kama imebadilishwa tangu mara ya mwisho, na rekodi iliyobadilishwa pande zote mbili hubakizwa mara mbili, uchague mwenyewe. Lakini nakala iwe mkononi kwanza.

Ikimaliza, kwenye folda utaona MemoDB.pdb, AddressDB.pdb, DatebookDB.pdb na nyinginezo. Maneno yako yamo kwenye MemoDB. Kuyafungua tumia J-Pilot, programu nyingine ya Linux, itakuonyesha memo zako na kukuruhusu kuzitoa kama maandishi ya kawaida au CSV, yaani jedwali. Zitakuwa vipande vipande, kwa sababu Palm yako hairuhusu memo kupita takriban herufi elfu nne, lakini ulizipa namba vizuri, kwa hiyo kuziunga si kazi. Maandishi yetu hayana herufi za ajabu, hata ng' inatoka nzima.

Unajua, Jeff Hawkins, aliyeibuni Palm, kabla haijakuwepo alikuwa akitembea na kipande cha mti mfukoni, kila mara akikitoa na kujifanya anaandika, apate kujua mtu atahitaji nini hasa. Ndiyo maana kitu kile kina kitufe kimoja tu cha kulandanisha. Na ilifaa kwetu pia: mwaka 2004, kule Lindi na Mtwara, watafiti wa afya walipita kwenye kaya zaidi ya elfu 20 wakiandika majibu kwenye kompyuta za mkononi badala ya karatasi, na kuyahamishia kwenye laptop kila siku. Huo utaratibu wa kila siku ndio ningependa uushike nawe, maana najua hutaacha kuitumia, na wala sikuombi uache. Kalenda yake inakwenda hadi mwisho wa 2031, ina muda bado.

Ukishapata maandishi, weka nakala kwenye flashi mbili na moja unitumie mimi kwa barua pepe. Ukikwama, piga picha ya maneno yaliyotokea kwenye skrini, yote, hata usiyoyaelewa, nami nitakujibu usiku huo huo. Ikisema haioni kifaa, angalia kwanza kwenye HotSync ya Palm kama umechagua kiti na si modemu.

Wasalaam,
Ndugu yako, Bakari