Walimu washirikishwe katika utafiti wa ubongo

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Likizo iliyopita nilijiunga na watafiti wanaochunguza jinsi ubongo unavyojifunza kusoma. Nililala mwenyewe ndani ya mashine ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, kichwa kimebanwa kwa sponji, masikio yamezibwa, na bado mngurumo wake niliusikia hadi kwenye meno. Maneno yalipita kwenye kioo kidogo juu ya macho yangu, nami nikiyasoma kimoyomoyo.

Mashine hiyo haipigi picha ya wazo. Inafuatilia oksijeni katika damu, tena damu huchelewa sekunde kadhaa baada ya seli za neva kufanya kazi. Wanaotuletea semina za kuwagawa watoto, eti kila mmoja hutumia zaidi upande mmoja wa ubongo, kuwa watoto wa "ubongo wa kushoto" na wa "ubongo wa kulia" wangeanza kwa kutueleza hilo.

Stanislas Dehaene, mwanasayansi wa Ufaransa, ameandika kuwa sehemu ya ubongo inayotambua herufi hutambua kitu kilekile hata kikigeuzwa kushoto au kulia, kama kionekanavyo kwenye kioo. Ndiyo maana mtoto anayeanza kusoma huchanganya b na d. Miaka mingi niligombeza watoto kwa kosa hilo, na naumia nikikumbuka. Siku hizi namwacha mtoto aiandike b kwa kidole juu ya dawati huku akitamka sauti yake, pole pole, mara nyingi.

Nawaomba watafiti watushirikishe walimu tangu wanapopanga maswali yao, wasituite mwishoni kusikiliza matokeo tu.

Mwalimu wa shule ya msingi